Punje Isiyo na Fungu

"Imebaki tena," alisema Shehe Abdulrahim. Punje moja ya buni ilikuwa peke yake katikati ya mkeka.

Mwanahalima aliitazama kutoka mlangoni, ameushika upindo wa kaniki yake. Ilikuwa inakaribia miaka saba tangu mumewe, Othman, aondoke Kaisho na msafara wa Tabora. Kila alfajiri Mwanahalima alitia punje moja kibuyuni. Leo, baada ya alasiri, watu walikuja kumsomea Othman hitima, ahesabiwe miongoni mwa wafu, ili mkewe akae eda kisha arudi kwao Bukoba.

Punje zilikuwa elfu mbili mia tano ishirini na moja. Kwa desturi yao, kila punje ni tahlili moja, yaani "La ilaha illallah" moja, na wasomaji hugawana sawasawa. Ikibaki hata moja, ndiyo kusema mwenyewe anayesomewa hajakubali, na hitima haisomwi.

Walianza wawili, ikabaki moja. Wakaita jirani, wakawa watatu, ikabaki moja. Wanne, watano, sita. Sasa walikuwa kumi, goti kwa goti, na bado moja.

"Ulihesabu vizuri, mwanangu?"

"Mara tatu, Shehe."

"Kahesabu miaka yote hiyo, leo ndiyo akosee?" alidakia mama mkwe, Bi Mgeni. "Mwanangu hataki! Kawaiteni na ng'ombe waje wasome!"

Watu walicheka. Shehe hakucheka.

"Ziko hesabu za namna hii," alisema taratibu. "Hazina fungu. Hazikubali kugawanywa ila kwa moja, au kwa zenyewe. Hata tukijaa uani, hazitagawanyika sawa."

"Basi asubiri," alisema Bi Mgeni.

Asubiri. Mwanahalima aliuona akilini mkono wake mwenyewe, umekunjamana, ukitia punje katika kibuyu cha pili, cha tatu. Aliingia ndani, akapiga magoti kama anayeokota maganda. Punje ile akaitia mdomoni. Ilikuwa kavu, chungu. Aliitafuna polepole, kama buni ya kumkaribishia mgeni.

"Lilikuwa ganda tupu, Shehe," alisema, macho chini. "Hakuna kilichobaki."

Bi Mgeni alilitazama shavu lake likienda. Kisha akatazama pembeni.

Wakasoma, kila mtu mia mbili hamsini na mbili. Ukuta wa matete ulivuma kama mzinga wa nyuki. Kisha sauti zikapungua, moja baada ya nyingine, hadi wa kumi naye akaweka chini punje yake ya mwisho.



Ndipo nje, mle migombani, sauti ya mwanamume ikasoma tahlili moja. Ilisoma bila haraka, kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

Hakuna aliyegeuka. Bi Mgeni peke yake alisogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.