Mita Elfu Mbili za Matope

Baraza la Otonglo lilijaa siku ile ya mwaka wa 1972, maana chifu alikuwa ametangaza kwamba atakayekosa ataeleza sababu. Laban Walubengo, katibu wa kamati ya mashindano, alisimama na suti yake ya kijivu akasema baada ya miaka miwili Afrika nzima itakuja kushindana kupiga makasia hapa hapa kwenye ziwa lao. Kutakuwa na jukwaa la watu elfu kumi, hoteli ya ghorofa nne, na lami mpaka majini.

Dishon Opiyo, fundi wa mitumbwi, alimsikiliza mikono ikiwa kifuani. Tangu uhuru alikuwa ameahidiwa bomba la maji mara tatu, na mkewe Dorca bado alichota ziwani.

"Bwana Katibu," aliuliza, "na viboko mmewaandikia barua wahame?"

Watu walicheka mpaka chifu akagonga meza. Laban hakucheka. "Mzee, maendeleo hayawangojei wenye midomo."

Wiki iliyofuata askari wa utawala waliteremka ufuoni. Walivunja vichanja ambavyo kina mama walikaushia samaki, wakaamuru mitumbwi yote ifichwe nyuma ya vichaka, kwa sababu mkaguzi wa mashindano anakuja na uchafu ule unaharibu sura. Dorca alikusanya samaki wake mchangani. Dishon alimtazama akiwapuliza mchanga mmoja mmoja, na dharau aliyokuwa nayo kwa wenye tai ikageuka kitu kizito zaidi.

Mkaguzi alifika kutoka Dar es Salaam, mtu mnene mpole mwenye daftari. Kamati ilikuwa imeazima mashua ya injini, ikapakwa rangi nyeupe. Haikufika mbali: mafunjo, yale majani marefu ya ziwani, yalijisokota kwenye rafadha inayosukuma mashua, injini ikakohoa, ikanyamaza. Ilibidi wavutwe kwa kamba kurudi ufuoni, viatu vya Laban vikiwa vimejaa maji.

Hapo ndipo katibu alipomfuata Dishon kichakani. "Mzee wangu, tusaidie na mtumbwi. Lakini tafadhali, wewe piga kasia tu."

"Si mlisema unaharibu sura?"

"Tafadhali, Mzee."

Dishon aliutoa. Si kwa ajili ya Laban. Alitaka kuona uongo ukisemwa juu ya maji yenyewe.

"Hizo mita elfu mbili za mashindano zinaanzia wapi?" mkaguzi aliuliza walipofika majini.

Laban alinyoosha kidole kwenye ukuta wa mafunjo. "Pale. Zinakwenda moja kwa moja mpaka... kule."

"Na kina chake?"

"Mita tano, popote utakapopima."

Dishon alichukua upondo wake, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akauchomeka majini, akauinua. Maji yalikuwa yameulowesha kufika urefu wa mkono mmoja. Chini yake yote ilikuwa matope meusi yanayonuka.

Mkaguzi alitazama matope yakidondoka. "Mzee, wewe ni wa hapa?"

"Nimezaliwa hapa."

"Hoteli imeanza kujengwa?"

"Hoteli nimeisikia tu. Hata jiwe moja sijaliona."

"Mzee anatania," Laban alisema haraka.

"Mimi sitanii. Anayekutania ni huyo mwenye tai."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Hata hivyo, siku ya pili redio ilitangaza kwamba mgeni ameondoka ameridhika kabisa. Dorca aliizima katikati ya neno.

Miezi miwili baadaye mashindano yalipewa nchi nyingine. Laban alirudi Otonglo na karatasi iliyopigwa chapa, akamkuta Dishon akiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba na lami. Karatasi ilisema ufuo ulikuwa tayari, ila wivu wa nchi jirani ndio uliowanyima mashindano. Alitaka sahihi za wazee.

Dishon aliisoma yote, taratibu, kisha akamrudishia ikiwa na alama ya kidole chenye lami.

"Weka sahihi basi, Mzee."

"Weka wewe. Kuandika ndiyo kazi pekee nimekuona ukiiweza."

Laban aligeuka, akaona kina mama wameacha vichanja vipya walivyokuwa wakifunga na wanamtazama. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Aliikunja karatasi mara nne, akapanda kilima kurudi kwenye gari lake. Dishon alikuwa amekwisha kuinama, anatafuta ufa mwingine.