Kiti cha Mjomba Cheche

Mjomba Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea. Jina hilo alipachikwa na watoto wa mtaa wake kwa sababu hakuwa na shati lisilo na vitundu vya moto. Ndiye aliyemlea mpwa wake tangu akiwa binti mdogo. Basi aliposikia mpwa ni mjamzito, na kwamba mumewe, kinyozi, anazunguka madukani kutafuta kiti cha mtoto cha gari, hakuuliza mtu. Alijifungia karakanani.

Siku mama na kichanga chake waliporuhusiwa kutoka hospitali, walimkuta kwenye maegesho, amesimama kando ya kitu kilichofunikwa shuka. Alikifunua mwenyewe. Kilikuwa kiti cha chuma cha rangi ya buluu, kimevishwa sponji na ngozi laini, kingo zake zimepigwa msasa hata ukipitisha kiganja hukwaruziki.

Kinyozi alikisifia kwa moyo wote. Lakini kwenye siti ya nyuma ya gari lao tayari kulikuwa na kiti walichonunua. Yeye na mkewe walikuwa wamebishana sana kuhusu rangi, lakini kwa mengine walikuwa kitu kimoja: kiwe cha mtoto mchanga, kiwe kimejaribiwa kwa kugongeshwa, na kitoshee gari lao. Akamtazama mkewe kama mtu anayezama.

Mkewe, aliyempakata mtoto, hakuzunguka mbuyu.

"Mjomba, kiti hiki umekitengeneza kwa mapenzi, nayaona. Lakini mwanangu hatapanda gari akiwa ndani yake."

Mjomba akauliza chuma chake kina kasoro gani. Akajibiwa kwamba hakina, na hapo ndipo penye shida: gari likigonga, chuma kile hakibonyei, kwa hiyo kishindo chote kinaishia kwa mtoto.

Mzee aliikunja shuka yake vizuri kuliko ilivyohitajika. Halafu akaingiza kichwa garini, akabonyeza povu la kile kiti kingine, akagonga plastiki yake kwa kucha. Akataka kujua kwa nini mtoto ageuzwe kutazama nyuma kama aliyenuna. Mpwa wake akamweleza kwamba kichwa cha kichanga ni kizito na shingo bado ni teketeke. Akitazama mbele, breki ya ghafla inakirusha kichwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unampokea mwili mzima.

"Kumbe kazi yake ni kumpokea," mjomba alisema polepole. "Mimi nilitengeneza cha kumshika."

Baada ya hapo hakutaka gari liwashwe mpaka kijitabu cha maelekezo kisomwe kwa sauti. Kinyozi akasoma, na katikati ya ukurasa akanyamaza, kwa kuwa aligundua kwamba mkanda wa gari ameupitisha mahali pasipo pake. Wakafungua, wakaanza upya. Mjomba alikandamiza kiti kwa uzito wake wote, kinyozi akavuta mkanda, hadi kiti kikaacha kuchezacheza. Mtoto akalazwa na nguo zake nyepesi, mikanda ikabana mabegani bila kujisokota, na blanketi likaja juu ya mikanda, maana likikaa chini yake linaacha nafasi. Mjomba akajaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili, aone kama umelegea. Haukufinyika.

Ndipo kinyozi akasema jambo alilokuwa akiliwaza tangu shuka ilipofunuliwa. Pale saluni, wateja wadogo hukaa juu ya ubao na kuteleza kila wakati. Je, mjomba angekubali kiti cha buluu kifungwe pale?

"Kwa kazi hiyo lazima kizunguke," mjomba akasema, na uso wake ukachangamka. Walipokuwa wakikipakia kwenye buti, alikuwa ameshaanza kukipimia ekseli ya kuzungukia.

Njiani alikaa nyuma kando ya mtoto, amefunga mkanda wake, akitoa amri kila walipofika kwenye kona. Kinyozi aliendesha taratibu hata baiskeli zikawapita. Mtaa mmoja kabla ya nyumbani, amri zikakoma.

Walipoegesha, mama akageuka. Kichanga kilikuwa kimelala fofofo, na mjomba naye, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi.

"Tuwaache kidogo," akamnong'oneza mumewe.

Wakabaki wameketi, mikanda bado imefungwa, wakiwasikiliza wanavyopumua.