Kochi Limeshapelekwa

Alfajiri ile mwanamke mmoja fundi cherehani alimnasa paka wa kijivu nyuma ya karakana ya shemeji yake, fundi wa makochi. Ilikuwa siku ya kufunga uzazi wa paka wa mitaani. Yeye na majirani wachache waliifanya kazi hiyo bure katika ukumbi wa shule, pamoja na daktari wa wanyama aliyejitolea. Paka huyo alikuwa amewachezesha kwa miezi. Fundi akaufunika mtego kwa shuka kuukuu ili mnyama atulie, akaubeba huku akitabasamu peke yake.

Ukumbini, zamu ya paka ilipofika, daktari akamchoma sindano ya usingizi, akaanza kumnyoa tumbo. Mara mkono ukasimama.

"Fundi, hebu njoo uone."

Akabonyeza chuchu. Likatoka tone la maziwa.

"Ananyonyesha. Upasuaji hautamdhuru, na maziwa hayatakauka. Ila watoto wako wapi? Kama ni wachanga, bila mama hawafiki mbali."

Aliyetega ni fundi mwenyewe. Akampigia shemeji yake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Wapi! Akavua glavu, akatoka mbio.

Karakanani alipekua magunia ya sponji, akainama chini ya meza, akapanda juu ya mbao. Shemeji akamkuta hivyo, nywele zimejaa vumbi.

"Shemeji, vipi? Umepoteza pete ya ndoa?"

"Watoto wa paka! Yule wa kijivu alikuwa analala wapi?"

"Mara nyingi kwenye lile kochi la kijani. Anaingilia chini, pale palipochanika…" Macho yakamtoka. "Mungu wangu. Nimelishona asubuhi hii. Limeshapelekwa."

"Na hukusikia kitu?"

"Redio ilikuwa inaunguruma. Ningesikia nini?"

Wakaenda mbiombio, shemeji nyuma akihema. Mwenye kochi, mama mmoja mjane, aliwafungulia mlango akiwa amependeza, kisha uso ukakunjamana. Sebuleni wazazi wa kijana anayemposa binti yake, mtu na mkewe, walikuwa wameketi wamejaa juu ya kochi la kijani.

"Samahani sana wazee wangu," fundi akasema. "Naomba msimame kidogo."

Mjane akamvuta pembeni. "Wewe mama, umetumwa? Leo ndiyo siku ya kuniaibisha?"

Kabla fundi hajajibu, yule baba wa kijana akainuka kama aliyekalia kaa la moto.

"Jamani, hili kochi linalia!"

Wakalipindua. Fundi akachana mshono kwa wembe, taratibu, akiogopa kukata nyama. Akaingiza mkono, akatoa mtoto mmoja, macho bado yamefumba. Wa pili akatoka akipiga kelele. Wa tatu alikuwa amebanwa kwenye springi, baridi kama jiwe la mtoni.

Akamtia kifuani, ndani ya blauzi; shemeji akawabeba wale wawili. Njia nzima alikuwa akisikiliza kwa ngozi yake kama kuna pumzi.

Ukumbini daktari alimsugua yule mdogo kwa taulo mpaka akafungua kinywa, bila sauti. Mama yao, aliyerudishwa mtegoni baada ya upasuaji, alikuwa ameanza kuzinduka, ncha ya sikio imekatwa kama alama kwamba ameshafungwa uzazi. Walipowasogeza watoto, akanguruma.

"Wananuka dawa na watu," daktari akanong'ona. "Huenda akawakataa. Tumfunike, tumwache."

Wakasubiri. Ndani ya mtego kitu kilikwaruza, kisha kikaacha. Fundi alishindwa kuvumilia, akainua ncha ya shuka. Wawili walikuwa wakinyonya kwa pupa. Yule mdogo alikuwa amelaza mdomo kwenye chuchu, hatikisiki. Fundi akangoja, vidole vimekaza shuka. Halafu koo lile dogo likapanda, likashuka, likapanda tena.

"Yule wa tatu?" shemeji akauliza kutoka mlangoni.

"Ananyonya."

Shemeji akateleza na ukuta mpaka sakafuni, akapangusa uso. "Basi niende nikashone lile kochi, kabla yule mama hajakosa mkwe."

Daktari akacheka. Fundi hakuweza. Alibaki amechuchumaa kando ya mtego, akisikiliza.