Kibao cha Kibanda

Fundi wa ofisi moja, tangu afiwe na mkewe, alikuwa anakula mchana peke yake stoo, katikati ya mafagio na makopo ya rangi. Basi bosi alipomwambia achore kibanda cha nje, wafanyakazi sita wapate pa kulia chakula, moyo ukamruka. Akachora cha watu saba.

Alichora kwa penseli, nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati. Benchi mbili zitazamane, karibu karibu, mtu akiomba chumvi asipaze sauti. Paa lishuke upande wa jua. Urefu wa benchi aliupima kwa kukaa sakafuni mwenyewe, anajisogeza na kusema: hapa karani, hapa sekretari, hapa mimi.

Wiki ya tatu kibanda kikasimama. Kilibaki kibao cha mbele tu. Akaandika kwa rangi nyeupe maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaandika: PUMZIKA KWA AMANI.

Siku ya kufungua, saa saba, akatangulia na bakuli lake. Akangoja weee. Hakuja mtu. Wenzake walikuwa wamejazana kwenye dirisha la ghorofani, wanafinyana.

Mwisho sekretari akatoa kichwa. "Shikamoo babu! Hivi umetujengea kibanda au kaburi?"

"Marahaba. Kaburi la nini tena, mwanangu?"

"Si hayo maneno yako! Mimi hata kuolewa bado, unataka nizikwe na chakula changu mkononi?"

"Mwache, ametuchoka huyo!" karani akadakia, na wote wakashika mbavu.

Fundi akainua macho, akasoma. Kumbe! Maneno yale alikuwa ameyaandika mara moja tu maishani, kwenye ubao wa kaburi la mkewe. Kwake hayakuwa maneno ya wafu. Yalikuwa ya mkewe, basi.

"Futa tu babu, tunashuka sasa hivi!" sekretari akaita.

Akachukua msasa, akapanda juu ya benchi. Akaanza na herufi ya mwisho. Unga mweupe ukamdondokea kwenye vidole. Mkono ukagoma.

"Vipi huko?"

"Kesho, mwanangu," akasema. "Rangi bado mbichi."

Ilikuwa imekauka tangu juzi. Dirisha likafungwa. Fundi akashuka, akapangusa benchi kwa kiganja, akala taratibu chakula kilichokwisha poa.