Vivuli vya Mdogo Wake

Mchana, vyombo vikishaoshwa, Mdogo Wake alifuta mikono, akaingia chumba cha nyuma, akafungua dirisha la upande wa jua na kuanza kutia vivuli. Kaka yake alikuwa ameshatoka. Asubuhi nzima kaka alichora meza, birika, vikombe viwili na ndimu, kisha akavaa shati safi akaenda zake, na sasa birika la kwenye turubai lilikuwa limeanza kupanda. Lilikuwa limeachana na meza kama upana wa kidole. Ndimu moja ilikuwa imetangulia, imegota kwenye ukingo wa juu wa turubai na kubonyea kidogo. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo Mdogo Wake aliishusha kwa kidole gumba, akaichorea kivuli chake chini yake. Ikatulia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, ila halikuwa na kazi. Kaka alipopata sifa, mtaa ulimwita Mchoraji. Yeye akawa Mdogo Wake Mchoraji, halafu watu wakachoshwa na urefu, wakaishia Mdogo Wake. Hata fundi bomba akija kuziba mfereji alibisha, "Hodi, Mdogo Wake!" na yeye aliitikia bila kinyongo.

Vivuli alijifunzia kitandani. Utotoni aliugua surua, mama akamlaza kwenye chumba chenye pazia zito kwa kuwa mwanga ulimchoma macho. Pazia lilikuwa na tundu. Mwanga uliingia hapo ukatembea ukutani kutwa, na mtoto hakuwa na la kufanya ila kuutazama. Akaona kwamba kivuli cha ndoo nyekundu kina wekundu ndani yake, na cha shuka jeupe kina ubuluu. Alimwambia mama kwamba kivuli si cheusi. Mama alimgusa paji la uso, akidhani homa imerudi.

Tangu hapo hakugusa rangi nyeusi. Alichanganya buluu na kahawia mpaka zikagombana, halafu akadondoshea tone la rangi ya kitu chenyewe. "Kivuli lazima kionje rangi ya mwenyewe," alizoea kusema, akiisemesha brashi zaidi kuliko mtu. Kaka aliyasikia maneno hayo mara nyingi huku akifunga vifungo vya shati.

Aliyepelekwa chuo cha sanaa alikuwa kaka. Mama alisema mmoja asome, mwingine abaki na mimi, na mabishano hayakuwepo. Kaka alirudi akiwa anaweza kuchora chochote duniani, lakini akichora nyanya jioni, asubuhi alizikuta zote zimepanda juu ya turubai, zimesongamana kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe. Alijaribu kuzitilia nyeusi. Nyeusi ilitoboa turubai, na nyanya mbili zikaangukia nyuma ya kabati. Ndipo alipoita, "Mdogo wangu, njoo unisaidie hapa kidogo. Mkono mmoja haulei mwana." Alikwenda kusaidia kidogo, na miaka ikapita hicho kidogo hakijaisha. Mwana alikua, akachukua jina la baba.

Picha zikikauka, vivuli vilimwagika nje ya fremu mpaka sakafuni, vizito na vyenye ubaridi. Siku za joto Mama Cherehani, mshonaji wa chumba cha pili, alileta cherehani yake akaketi chini ya mti uliochorwa. Kivuli cha kutazama na kivuli cha kupumzikia kwake vilikuwa kitu kimoja, na hata neno lenyewe halikumpinga. Alikerwa na jambo moja tu, kwamba Mdogo Wake akiinuka kwenda kunywa maji, kivuli nacho kiliinuka.

"Wee, kaa chini," alisema na pini mdomoni. "Nimebakiza mkono wa gauni."

"Nakuja sasa hivi."

"Unakuja, na kivuli umekibeba. Mimi huku naungua."

"Sijakibeba, Mama. Kinanifuata."

"Sasa ulitaka kimfuate nani? Kivuli si humfuata mwenyewe." Akakanyaga cherehani, akaendelea.

Ikaja siku ya ukumbi mkubwa kumwalika Mchoraji aonyeshe picha zake na kuzungumzia safari yake ya sanaa. Siku ya kuamkia maonyesho, Mdogo Wake alikuwa anampigia shati pasi. Akapiga moyo konde.

"Kaka, kesho utanitaja?"

"Nitakutaja."

"Utasemaje?"

"Nitasema vivuli ni vya mdogo wangu. Kwani uongo?"

Kwa kupaka, Mchoraji alikuwa bingwa, na mafuta kwa mgongo wa chupa alipaka vizuri kuliko yote. Mdogo Wake alilijua hilo, akaamini vilevile. Hakutaka makofi wala kupigwa picha. Alitaka sentensi ile moja isemwe mbele za watu, na aliitaka mpaka usingizi ukampaa. Asubuhi alivaa gauni aliloshonewa na Mama Cherehani, akaenda kuketi kiti cha mwisho upande wa kushoto, karibu na mlango, asije akaonekana ana haraka ya kutajwa.

Mtangazaji mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza, ndiye aliyeuliza maswali. "Mchoraji, safari yako ilianzia wapi?"

"Kitandani," alisema Mchoraji. "Utotoni niliugua surua."

Mdogo Wake alikumbuka vizuri kwamba wakati ule kaka alikuwa amehamishiwa kwa bibi, asije akaambukizwa. Lakini kaka alisimulia vizuri mno. Alilitaja pazia na tundu lake, akaitaja ndoo nyekundu, akafika mpaka kwenye mkono wa mama juu ya paji la uso. Watu walitoa leso. Hata Mdogo Wake nusura amwonee huruma mtoto yule.

"Na siri ya vivuli vyako?"

"Kivuli," alisema Mchoraji, akatazama juu kama mtu anayelitafuta neno, "lazima kionje rangi ya mwenyewe."

Ukumbi ulihema. Mdogo Wake alikaa wima, akaunganisha mikono mapajani, akaingoja sentensi inayofuata. Mchoraji alikunywa maji. Akarudisha glasi mezani, akasema, "Ahsanteni sana kwa kunisikiliza."

Roho ilimuuma. Ilimuuma kweli, na hakuwa na pa kuipeleka, akabaki anatazama viatu vyake alivyovisugua tangu alfajiri. Ndipo vivuli vilipoanza kugeuka. Kilianza cha birika, kikazunguka taratibu kwenye meza yake mpaka kikaelekea mlangoni. Kikafuata cha ngazi, cha baiskeli, cha mti. Vilishuka ukutani, vikapita sakafuni katikati ya viti, na wageni walikunja miguu kuvipisha kama wanavyompisha mtu anayepiga deki. Vilifika nyuma, vikapanda mapajani mwa Mdogo Wake, vikakaa.

Bwana mmoja wa mbele alinyoosha mkono. "Samahani, mbona vivuli vyote vimekwenda kwa yule dada kule nyuma?"

Mwenye macho haambiwi tazama. Ukumbi mzima uligeuka, na Mchoraji naye akageuka, akamwona mdogo wake na lundo la vivuli mapajani. Jibu lilikuwa limelala pale sakafuni mbele yake. Angeliokota tu.

"Aa, yule ni mdogo wangu," alisema, akatabasamu kwa upendo. "Huniosheaga brashi."

"Ndiyo maana," alisema Mtangazaji, na watu wakatikisa vichwa, wakaridhika.

Tatizo likabaki moja. Katika picha zote mwanga uliingia kutoka kushoto, na sasa vivuli navyo vilikuwa vimelalia kushoto. Hilo ni kosa la kumkatia maksi hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtangazaji alishuka jukwaani, akamwinamia Mdogo Wake. "Dada yangu, unaonaje ukihamia upande wa kulia? Vikae vizuri."

Mdogo Wake akainuka na vivuli vyake, akavuka ukumbi, akaketi kulia. Vivuli vikageuka, vikalala sawasawa, kila kitu kikashika nafasi yake. Watu walipiga makofi na Mchoraji akainama kuwashukuru. Na Mdogo Wake mwenyewe, maskini, alifurahi kuviona vimelala vile, maana kazi ni kazi.

Tangu siku hiyo hakuna maonyesho ya Mchoraji yaliyofanyika bila yeye. Huwekewa kiti chenye mto, na mchana huletewa chai. Kando ya kila picha hubandikwa kikaratasi chenye jina la Mchoraji. Kando ya kiti nacho kipo kikaratasi, kimeandikwa: *Kiti kisisogezwe*. Mama Cherehani alipokuja alikisoma, akasonya, akaketi kivulini kumalizia pindo.

Juzi aliingia mama mjamzito, amevimba miguu. Alipita picha mbili tatu, akachoka, akaketi sakafuni karibu na kiti, ndani ya kivuli cha mti.

"Hapa pana raha," alisema, akijipepea kwa mkoba. "Nani katia kivuli hiki?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Mdogo Wake swali hilo. Aliinama, akasogeza mdomo mpaka sikioni mwa mgeni.

"Mimi."

Mgeni alitazama ukutani. "Mbona pale pameandikwa jina la mwanamume?"

"Ni kaka yangu."

"Aa," alisema mgeni, akanyoosha miguu.

Kwa kule kuinama kwake, vivuli vyote ukumbini vilikuwa vimeinama, na birika lilikuwa linateleza kuelekea ukingo wa meza. Mlinzi alikuja taratibu, kwa adabu zake zote.

"Dada, kaa sawa, tafadhali. Picha zinapinda."

Mdogo Wake akakaa sawa.