Pole za Lori la Ndizi

...na mwingine tena huo, jamani, si basi, kwa tundu la ukuta wa mianzi naona miguu ya jirani, Mzee Meshaki, imesimama uani na matope yake, mkungu unatuliwa chini taratibu kama mtoto aliyelala, ndizi za mzuzu, vichane saba au nane, huo Dar mwezi huu ungekwenda kwa... nyamaza wewe, kichwa gani hiki, watu wanakuletea pole wewe unapiga bei, menya ndizi, menya, watu wale, utomvu umeshanigandisha vidole na mafuta sikupaka, nilitoka Tukuyu asubuhi na haraka zangu, nikijua nakuja kukusanya mzigo wa pili lori lifike mchana, nipakie, niondoke, kumbe nimekuja msibani, na marehemu ni uongo wangu. Maana huku Kinyala ndivyo tulivyo, mtu akifiwa huendi mikono mitupu, unakata mkungu, unajitwika, unakwenda kukaa naye, sasa wamekaa wakaona hasara yangu mimi Mama Lusungu nayo ni msiba, nani aliwahi kusikia lori la ndizi linawekewa matanga, ningecheka kama si mimi mfiwa, tangu nimefika wanaingia mmoja mmoja, pole baba, poleni sana, na mkwe wangu anawapokea pale kitini kwake, ndaga, ndaga fijo, asanteni, nami nimejibanza huku jikoni na kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, mkamwana mwenye adabu zake, hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, jina lake halitamki hata kichwani, miaka kumi na moja namjua mzee yule kwa miguu na kikohozi, akipita huku mimi napita kule, tukiwa na neno linapitia kwa Mama mkwe, wake wa mjini wameshaacha mambo haya, wanakaa na wakwe zao meza moja wanakula chipsi, mimi nimeshika, nimeyashika kwa sababu yananifaa, haya, sema ukweli japo kwenye moyo wako, yananifaa, mtu asiyeruhusiwa kukutazama atakuulizaje bei.

Ilikuwa Jumatatu, neno moja tu nililisema, wala sikulipanga sana, lilitoka lenyewe, lori liliharibika Kitonga, siku nne tumelala mlimani, ndizi zikaiva zote, zikamwagwa korongoni, nikawalipa nusu, wakapokea nusu na kunipa pole, hakuna aliyeuliza, wangeulizaje, hawakujua kwamba Dar ni mwezi wa Ramadhani, huku sisi ni kengele ya kanisa na kwaya, nani anahesabu mwezi wa Waislamu, kule jua likizama kila nyumba inataka ndizi ya futari, walinigombania, mwanamume mzima ananishika mkono, mama usimuuzie yule, niuzie mimi, lori halikupata hata pancha, na mimi narudi njia nzima nimekumbatia kipochi kifuani nawaza kwamba nikiwaambia ukweli watapandisha, na mzigo wa pili lazima uwahi kabla ya Idi... Medard wa Kiwira, mwenye lori, ndiye alinipa somo, siku ile tunakula nyama pale stendi, akasema mkulima ukimwambia bei imepanda umejiibia mwenyewe, pesa haina mjomba, huu ni wakati wa soko huria, anayelia alie, nikacheka, nikajiona na mimi nimekuwa mfanyabiashara, mwanamke wa kuambiwa maneno ya wanaume. Lakini Medard hakuzaliwa huku, Medard hakusaidiwa na mtu, mimi je, mimi nani aliyenianzisha, Yona alipopunguzwa kazini, shirika limekufa, barua ya mistari mitatu, mume anashinda amelala anatazama dari, nikaanza kukaa barabarani Kiwira na mikungu miwili na mtoto mgongoni, mabasi yananirushia maji, ni mzee yule aliyevaa koti lake la kanisani katikati ya juma akapita nyumba hadi nyumba, akawaambia mpeni mkamwana wangu ndizi, akiuza atawalipa, asipolipa njooni kwangu, hakuandika karatasi, na hakuniambia mimi, nilisikia kwa Mama, naye kwangu alikuwa bado haruhusiwi hata kunisalimu. Wakaja wanunuzi wengine na malori yao, soko limefunguliwa, ruksa kila mtu, wakachukua mizigo wakapotea nayo hata majina yao hatuyajui, watu wakaapa hawauzi tena kwa mgeni, wanamuuzia Mama Lusungu, Mama Lusungu wa kwetu, mkamwana wa fulani, nami nikajidanganya kwamba ni kwa sababu ya uhodari wangu, mdomo wangu mtamu, mizani yangu ya haki, mizani gani, ndizi tunauziana kwa macho na kwa neno.

Nani huyo tena, miguu ya mwanamke, ndala za rangi mbili, Veronika, mjane wa kule bondeni, amebeba mwenyewe, anahema, Mungu wangu, ni ule mkungu wake wa nyuma ya nyumba, alioutegemezea mti usianguke, wiki tatu napita naukadiria, nilikuwa nimeupangia bei ya kumpa na maneno ya kumwambia, ningemwambia mwembamba, haujajaza, na yeye alikuwa anaungojea kwa sare ya shule ya binti yake, aliniambia mwenyewe, sasa ameukata ameuleta bure, anamwambia mzee kwamba si kitu, ni kidogo, Mama Lusungu apate pa kuanzia, akianguka yeye sisi tutamuuzia nani... nimejikata kidole, hapana, ni ganda tu. Toka nje umwambie. Nitoke nipite wapi, mlango huu unatokea mbele ya kiti chake, mkamwana anapitaje mbele ya baba mkwe na kanga yake na uongo wake, itakuwa matusi, unaona, unaona unavyoipenda adabu leo, umejificha nyuma ya heshima kama kuku nyuma ya kinu. Ngoja, nitafanya hivi, nitapakia, nitauza, nikirudi nitawaongezea kila mmoja, nitasema Mungu amenibariki, na Veronika nitamnunulia hiyo sare, na viatu juu, hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia... hicho kiwanja cha Msasani, pale Tukuyu, nimeshakilipia kwa pesa ya mzigo ule, siwezi kukirudisha, kiko karibu na barabara, ni cha watoto, nimekosea nini kuwatakia watoto kiwanja.

Mama ameingia kuchukua ungo, ameinama, harufu yake ya moshi na maziwa, nikamwambia kwa sauti ya chini, ili niseme chochote, Mama hawa watu wamezidisha upendo, naona aibu, akapepeta maharage ambayo hayakuwa na makapi, halafu akasema bila kunitazama, "Yona alikuja Jumatano. Alimpeleka baba yenu Msasani kumwonyesha kiwanja." Basi. Akaendelea na ungo. Jumatano. Yona na furaha yake, ametoka kitandani baada ya miaka yote ile kwenda kumwonyesha baba yake ardhi, ningemkatazaje, sikumwambia ndizi zimeoza, yeye nilimwambia zimeuzwa, uongo wa Kinyala niliuacha Kinyala nikadhani ukweli wa mjini hautapanda gari kuufuata. Anajua. Mzee anajua tangu Jumatano, na leo Jumamosi amekaa pale kitini, na koti lake la kanisani, anapokea mikungu. Nikauliza, Mama, mbona basi hakuwaambia wenzake, na Mama akasema, "Awaambie nini? Kwamba neno lake si kitu?"

Akabeba ungo akatoka. Na mimi hapa, kumbe si kwamba haoni, ameona kila kitu na amekikalia ili watu wasione, mzee wa kanisa, mtu aliyesimamia kesi za mipaka bonde zima kwa sababu hajui kusema uongo, nimemfanya nini, hana pa kuipeleka mikungu ile, akiikataa ataulizwa kwa nini, akiipokea anawaibia pamoja nami, hata kunikemea haruhusiwi, angekuwa mkwe wa mtu mwingine angekuja angepiga kelele hapa mlangoni nikalia tukamaliza, ameniachia jikoni na adabu yangu. Veronika anamuuliza kitu, sauti yake nyembamba, anauliza habari za dereva, kule Kitonga, hakuumia, ana watoto? Naona miguu ya mzee, vidole vinajikunja kwenye kandambili, anakohoa, si kikohozi chake, na mimi nimeshika ndizi nusu imemenywa nusu haijamenywa, sema mzee, sema hapakuwa na dereva aliyekwama, nitupe mbele yao, nitashukuru, nakuomba, sema...

"Alipona," anasema mkwe wangu. "Tunamshukuru Mungu."

Na wote wanaitikia amina, na Veronika anaitikia kuliko wote, na mimi nimechutama palepale, mlango hauko hata hatua tatu, maji bado hayajachemka, lori la mchana litakuja na mikungu imejaa uani, hata kichane kimoja si changu cha kupakia, miguu haijainuka, ila sasa naijua sauti ya mzee yule anapodanganya, miaka kumi na moja sikuwahi kuisikia, na aliyemfundisha ni mimi.