Mama Mkwe Asugua Singe

Mume wangu Desmond hakumbuki tarehe tuliyooana, lakini muulize kuhusu singe yoyote ukutani kwetu, atakwambia ilichomekwa kwenye bunduki gani na mfalme gani alikuwa kitini. Singe za Kiingereza tu; za Wafaransa hataki hata kuzisikia. Miaka yote nazipangusa kwa kifagio cha manyoya, maana kitambaa nimekatazwa. Kwa wakusanyaji wa hapa Barnsley, ule weusi wa uzee juu ya chuma ndio thamani yenyewe. Ukiusugua, umeua.

Mama yake, Winifred, hakuwa na habari hiyo. Alikuja kukaa nasi wiki ya maonyesho ya chama cha wakusanyaji, akaikuta ile singe Desmond anayoipenda kuliko zote iko mezani, nyeusi tii, ikingoja mashindano ya Jumamosi. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi, ilikuwa inang'aa kama sufuria ya bi harusi, na bibi kizee anahema.

“Kutu ile!” akaniambia. “Marehemu mume wangu aliwekwa ndani jeshini kwa doa moja tu. Sitaki mwanangu aaibike mbele za watu.”

Desmond akaingia, akaiona. Akaketi juu ya kapu la nguo chafu. Nilimwonea huruma, kombe la chama amelitamani tangu ana nywele.

“Imependeza, Mama,” akasema.

Nikamvuta jikoni. “Iache nyumbani, baba.”

“Atauliza iko wapi. Keshanunua na kofia ya maonyesho.”

Jumamosi tukaenda ukumbi wa kanisa, Mama mbele na kofia yake. Jaji alikuwa Bwana Thackray, mwenye ulimi mkali. Alipita meza baada ya meza na kikombe chake cha chai, singe yake mwenyewe kwapani. Alipofika kwetu, chai ikamwagika.

“Mpumbavu gani kafanya hivi?”

Desmond akasimama, uso umemwiva. Nilijua anachokwenda kupoteza: wanaume wale wangemcheka mpaka kaburini.

“Mimi,” akasema. “Nimeisugua mwenyewe.”

Sijawahi kumpenda mume wangu kama dakika ile.

“Mwongo wewe!” Mama akafoka. “Tangu nikuzae hujasugua hata kijiko! Kazi nifanye mimi, bega liniume mimi, sifa uchukue wewe?” Akamgeukia jaji. “Ni mimi, kijana. Na hiyo yako usiionee haya, ilete hapa.” Akavua skafu, akaitemea mate, akamsogelea.

Bwana Thackray akaikumbatia singe yake, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

“Mpeni kombe!” akalia. “Mpeni Desmond kombe, ampeleke mama yake nyumbani!”